Kiunoni pa Nguva

Nguva hula chini na kupumua juu. Maisha yake yote ni hayo. Nyasi anazozipenda zimeota kwenye mchanga wa sakafu ya bahari, hewa anayoihitaji iko upande wa pili wa maji, naye yuko katikati akipanda na kushuka, kila baada ya dakika chache, usiku na mchana, kwa umri unaoweza kufika miaka 70. Akiwa chini hufunga tundu za pua kwa vifuniko vya nyama. Akija juu hutoa ncha ya pua tu, huvuta pumzi, huzama tena. Aliye kwenye ngalawa jirani husikia mpumuo mmoja mzito, kama wa hamali aliyetua gunia, na akigeuka hakuti kitu.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikimtafakari mnyama huyu pamoja na yule mwenzake wa kwenye ngano, mwanamke mpaka kiunoni, samaki kuanzia kiunoni. Tuliposimuliwa habari zake utotoni, maswali yetu yalikuwa ya juu au ya chini. Nywele zake zinafika wapi? Mkia una magamba? Akitoka majini anatembeaje? Hakuna aliyeuliza habari ya kiuno. Pale ngozi inapogeuka gamba pakoje? Panauma? Pana mpaka unaoonekana, au mwanamke anafifia kidogo kidogo ndani ya samaki, hata huwezi kuweka kidole na kusema hapa ndipo alipoishia? Utu uzima umeniondolea maswali mengine yote, umeniachia hili.

Nadhani ni kwa sababu kila mtu anapo mahali pa namna hiyo. Namjua mwenye duka anayepunja kwenye mizani mchana na kupeleka unga kwa mayatima usiku bila mtu kujua, na vyote viwili anavifanya kwa moyo mkunjufu. Mama anawapenda wanawe kuliko roho yake, na saa nane za usiku kichanga kikianza kulia tena anatamani lau angekuwa hajazaa. Mwalimu anayeogopwa na shule nzima hawezi kutia tonge kinywani mpaka paka wake ale kwanza. Watu hawa si wanafiki. Mnafiki anajua upande upi ni wa uongo. Hawa pande zote mbili ni za kweli, na pale zinapoungana ndipo wanapoona haya kupatazama. Wakikamatwa upande wa chini husema shetani aliwapitia. Wakisifiwa upande wa juu huinamisha kichwa, maana wanayajua yaliyo chini.

Watu wa mataifa mengi wamewapa viumbe wa mwili mchanganyiko mahali pa heshima. Wagiriki walikuwa na Chiron, nusu mtu nusu farasi, tabibu na mlezi wa mashujaa. Wamisri walimchonga simba mwenye kichwa cha mfalme pale Giza. Siku hizi Ulaya na Marekani huuzwa maboksi ya karata zenye picha za viumbe kama hao. Mtu huchomoa mmoja asubuhi na kuambiwa huyo ndiye atakayemwongoza leo. Sina ugomvi na karata. Ninachokitilia shaka ni kwamba kiongozi wa aina hiyo hana anachokidai kwako. Anakusifu, unamrudisha ndani ya boksi, mnaagana. Nguva ana madai, na dai lake la kwanza ni umwone kama alivyo.

Ndugu wa damu wa nguva si papa wala pomboo. Ni tembo, na pimbi wa majabalini. Huko Jamaika yalichimbwa mabaki ya mnyama wa ukoo wake, na wataalamu wakayaeleza mwaka 2001: aliishi yapata miaka milioni 50 iliyopita, mwogeleaji, lakini mwenye miguu minne mizima ya kumbeba nchi kavu. Baada ya hapo maji yakafanya kazi yake bila haraka. Miguu ya nyuma ikanywea mpaka ikatoweka. Hata hivyo, mpasue nguva wa leo (wavuvi wa zamani walimpasua, nyama yake ilikuwa kitoweo cha sifa), utakuta ndani ya mnofu vifupa vya nyonga visivyoshika mguu wowote, na ndani ya kila pezi la mbele mifupa ya mkono, hadi ya vidole. Matiti ya jike yako kifuani, karibu na kwapa, kama ya tembo jike. Mimba yake ni ya miezi 13 au 14, mtoto mmoja tu, naye hunyonya kwa zaidi ya mwaka.

Huo mkono uliomo ndani ya pezi ndio ninaourudia mara kwa mara. Nguva hashiki kitu kwa vidole vyake. Kwa kadiri mnyama anavyojua mambo, hajui hata kama anavyo. Lakini pezi lile lisingejikunja linavyojikunja pasipo vidole hivyo. Upande alioachana nao ufukweni umo ndani ya upande anaoishi nao, unaufanyia kazi, wala haudai kuonekana. Katika nafsi kuna mengi yaliyokaa hivyo. Mtazame mzee aliyeacha ugomvi wa ujana wake, anavyosuluhisha watu barazani. Ni ujuzi wa ugomvi unaosuluhisha pale. Anajua ngumi itatokea wapi kabla mwenye ngumi hajajua.

Mwezi Januari 1493, karibu na kisiwa cha Hispaniola, Christopher Columbus aliona viumbe watatu wakitokeza majini. Shajara ya safari yake inawataja kuwa ni wanawake wa baharini, ikaongeza kwamba si wazuri kama wanavyochorwa. Inaaminika alichoona ni manatii, binamu wa nguva wetu aishiye upande wa Atlantiki. Nampenda Columbus katika sentensi ile moja tu, basi. Amevuka bahari na picha kichwani, akaletewa mnyama mnene mwenye masharubu anayetafuna majani, na akawa mkweli kiasi cha kuandika kwamba amevunjika moyo. Wengi wetu tukikutana na upande wetu wa pili hatuwi wakweli hivyo. Tulitarajia siri nzito, yenye giza na uzuri wa kutisha. Tunakuta ni uroho wa kawaida, woga wa kawaida, tena una masharubu.

Mbali na pwani, kwenye shaba ya Katanga, wasemaji wengine wa Kiswahili walimchora kiumbe huyu kwa namna yao. Katika miaka ya 1970 huko Lubumbashi, Mamba Muntu ilikuwa moja ya picha zilizopendwa sana majumbani. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefanya kazi na wachoraji wa mji ule, ameandika habari zake. Mwanamke mweupe mwenye nywele ndefu nyeusi amekaa ukingoni mwa maji, chini ni mkia wa samaki, mara nyingi nyoka yuko naye, na mkononi kavaa saa. Saa ya mkononi! Kiumbe wa vilindini asiye na mahali pa kuwahi. Ni jamaa wa yule Mami Wata wa Afrika Magharibi, ambaye sehemu ya sura yake imetoka kwenye picha ya mwanamke mchezesha nyoka iliyochapwa Hamburg, Ujerumani, katika miaka ya 1880. Mchanganyiko juu ya mchanganyiko.

Kisa chake ni cha mapatano. Anayebahatika kupata unywele wake, au kitu chake, atatokewa ndotoni. Mamba Muntu atakidai kilicho chake, na badala yake atampa mtu utajiri. Ila sharti awe mwaminifu kwake, na siri isitoke. Akiivunja, huharibikiwa. Nasoma katika kisa hiki mkataba ambao mtu huuweka na nusu yake aliyoificha. Nusu ile hulipa, tena hulipa vizuri. Tamaa imejenga majumba, kinyongo kimesomesha watu hadi chuo kikuu. Lakini kwa kuwa sharti ni kimya, hakuna shahidi anayejua deni limefika wapi. Na bado wale wachimba migodi na makarani waliitundika picha yake sebuleni, juu ya makochi, mahali hasa wanapokaa wageni. Kinywa kilichofungwa na mkataba kilipata ukuta wa kusemea.

Kwetu Unguja upande wa pili hautundikwi. Huitwa, ukapewa mahali pa kukaa.

Nazungumzia kupunga pepo, jambo ambalo wengi wetu tumelikulia mlango wa pili huku tukiambiwa tusilisogelee. Pepo wa Unguja wana makabila yao na nchi zao. Ruhani ni Waarabu na Waislamu, wapenda usafi, udi, marashi mawaridi na nguo nyeupe. Rubamba asili yao ni Pemba. Habeshia wametoka Uhabeshi. Kibuki wametoka Bukini, yaani Madagaska, nao si Waislamu, wana hadhi za kifalme, na wakipanda hutaka brandi. Ngoma ya kibuki huchezwa kwa kodiani, makofi na kayamba, na ukiisikia usiku kupitia ukuta wa mawe hujui kama ni harusi au msiba. Mtu anayepandwa huitwa kiti.

Mtaani palikuwa na bibi mmoja, sitamtaja. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. Ukimpa shikamoo, "marahaba mwanangu" yake huisikii, unaiona midomoni. Macho chini, ncha ya kanga mkononi. Kileo hakupata kukionja maisha yake, na penye baa alivuka barabara. Alipopandwa na kibuki wake, mwanamume mwenye jina na cheo, mgongo ulinyooka. Alikaa ametanua magoti, fimbo mkononi, shuka begani, akadai brandi yake pamoja na asali, akaipiga bila kukunja uso. Kisha akaanza kuita watu. Mpwa wake aliyekula fedha za matanga aliambiwa, mbele ya mkutano, azirudishe. Shemeji aliyezoea kuingia nyumbani mwake bila kubisha hodi alielezwa mlango uko wapi na hodi hupigwa vipi. Waliitika kwa adabu, "ndiyo, bwana", kwa kuwa aliyesema hakuwa bibi. Asubuhi aliamka kichwa kizito, akauliza kulikuwa na nini, akaenda kukanda unga wa maandazi. Fedha zikarudi.

Msomaji wa mjini atasema upesi: mfalme yule ni bibi mwenyewe, hasira zake za miaka zimepata mlango. Pengine. Lakini wenyewe hawasemi hivyo, na kadiri ninavyozeeka naona kutosema kwao kuna hekima. Wao wanasema pepo ni kiumbe mwingine, ana jina lake, dini yake, chakula chake na kwao. Ni mgeni, na kwa vile ni mgeni ipo adabu ya kumpokea. Ukishasema "huyu ni mimi" yamebaki mawili: umpige vita ndani kwa ndani, au ujivune naye na kumwachia nyumba. Mgeni hafanyiwi hata moja kati ya hayo. Mgeni huulizwa hali. Huandaliwa. Huambiwa pia, kwa upole, kwamba watoto wamelala, sauti ishuke.

Fundi anayeongoza shughuli hakimbilii kumfukuza. Wako pepo wa kutolewa, na hilo lina njia zake. Wengi lakini ni wa kukaa, na kazi ya fundi ni mapatano. Humwuliza: jina lako nani, umetoka wapi, unataka nini? Maswali haya matatu yaweza kuchukua usiku mzima, na usiku wa pili pia, maana pepo ambaye hajazoea watu hasemi. Hutetemeka, hulia, huguna. Fundi hakasiriki. Huongeza ubani kwenye chetezo, hurudia swali lile lile kwa sauti ile ile. Siku jina linapotoka watu hupiga vigelegele, na kuanzia hapo mambo hulainika: anataka pete ya fedha, au nguo ya rangi fulani, au ngoma yake mara moja kwa mwaka, naye kwa upande wake atamwacha kiti afanye kazi, alee, aswali. Mkataba una pande mbili na mashahidi tele. Akivuka mpaka, fundi humkaripia hadharani, kama mtu mzima anavyokaripiwa na wenzake.

Kama kiuno cha nguva kinaonekana popote, basi ni pale mkekani, katika saa zile za kumngoja asiyesema aseme.

Masheikhe hawalipendi jambo hili. Nimelelewa chuoni, miguu nimeikunja mbele ya msahafu, na simwaliki mtu akatafute fundi. Wanasema kileo ni haramu kwa kiti na kwa aliyekalia kiti, na kwamba wa kuombwa ni Mmoja tu. Sibishani nao. Ninachokitaka mimi ni adabu ya yale maswali matatu, na adabu ya jinsi hiyo nimeikuta mahali ambapo masheikhe wenyewe hunituma nikasome.

Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha Ihya, mlango wa maajabu ya moyo, anasema ndani ya ngozi ya kila mtu wamekusanyika wanne: nguruwe, mbwa, shetani na mwenye hekima. Nguruwe ni matamanio. Mbwa ni hasira. Shetani kazi yake ni kuwachochea hao wawili, na mwenye hekima ni akili. Mgiriki Plato alikwisha kuchora kitu kama hicho zaidi ya miaka 1,400 kabla yake, mnyama wa vichwa vingi na simba na mtu, wote wamevikwa umbo la mtu mmoja. Kwa masikio ya mtu wa pwani, hata hivyo, maneno ya Ghazali ni mazito zaidi. Sisi ni watu ambao mbwa akigusa nguo tunarudi nyumbani kubadilisha. Hapa Ghazali mwenyewe, Hujjatul Islamu, anakuambia mbwa hakugusa nguo, yumo mbavuni, na hayuko peke yake.

Tena hasemi wauawe. Hilo ndilo linalonifanya nikifungue kitabu kile tena na tena. Anaona kwamba matamanio yakikatwa kabisa mtu hatakula wala kuzaa, na hasira ikikatwa kabisa mtu hatajikinga na cha kumwangamiza. Kinachotakiwa ni kuwarudisha kwenye kiasi. Mahali pengine anampigia mfano mwindaji aliyepanda farasi: farasi ni matamanio, mbwa ni hasira, mwindaji ni akili, na mawindo hupatikana pale mwindaji anapokuwa stadi, farasi amezoezwa na mbwa amefunzwa. Farasi akiwa mkaidi na mbwa akiwa wa kubweka ovyo, mwindaji ana bahati akirudi na mifupa yake mizima.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Rajabu, Miraji inaposomwa, huwa nangoja kipande kimoja. Buraqi, mnyama aliyepandwa na Mtume katika safari hiyo, simweki safu moja na viumbe wa ngano, na msomaji asinielewe vibaya. Hadithi zinamweleza kuwa mnyama mweupe, mdogo kuliko baghala, mkubwa kuliko punda, hatua yake hutua pale jicho lake linapofika. Ule uso wa mwanamke na mkia wa tausi vimetiwa na wachoraji. Kipande ninachokingoja ni hiki: imepokewa kwamba alipoletwa alikataa kutulia, mpaka Jibrili alipomwambia ni nani anayetaka kumpanda, hapo akachuruzika jasho. Hakuletwa mnyama mwingine aliye mpole zaidi. Safari ile ya usiku mmoja ilifanywa juu ya mgongo ule ule uliokuwa umekataa.

Sasa, mlango huu ukifunguliwa sana huingia wengine. Nasikia watu wakisema: mimi ndivyo nilivyo, nina simba ndani yangu, mniwie radhi. Mume anafoka mpaka watoto wanajikojolea, halafu anasema amejikubali. Bosi anawadhalilisha wafanyakazi kisha anaelezea habari za nishati yake. Huyo hakumpokea mgeni, amemkabidhi funguo na yeye mwenyewe ametoka kwa mlango wa nyuma. Kwenye mkeka wa kupungia hakuna anayekaa peke yake. Ndugu wapo, majirani wapo, fundi yupo na sauti yake ya kukaripia. Nina wasiwasi na kila mkutano wa mtu na upande wake wa pili usio na shahidi hata mmoja anayeweza kusema, "bwana, hapo umevuka." Ndoto ya Mamba Muntu ilikuwa ya namna hiyo: wawili, usiku, hakuna wa tatu.

Kuna hatari ya upande wa pili pia, na hiyo huwapata watu wema. Nguva wetu wanakwisha. Desemba 2022, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliwatangaza nguva wa pwani ya Afrika Mashariki kuwa kwenye hatari kubwa kabisa ya kutoweka, waliokomaa wakikadiriwa kuwa chini ya 250. Kundi kubwa lililobaki liko visiwa vya Bazaruto, Msumbiji. Tanzania wanatajwa kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Nyasi zao zinaharibiwa na vyombo vinawagonga, lakini adui wao mkubwa ni nyavu, hasa jarife, lile la macho makubwa litegwalo kwa ajili ya papa na taa. Jarife halimkati nguva wala halimnyongi. Linamzuia kupanda, basi. Mnyama aliyezaliwa baharini na kula baharini anakufa maji baharini, na hewa iko mita chache juu ya pua yake.

Nimewaona watu wakinaswa hivyo na sifa. Binti ameitwa mpole tangu anajua kutembea. Shuleni mpole, kwa mume mpole, kwenye ukoo yeye ndiye wa kubeba ya wengine. Upole ni maji yake, kazaliwa humo, haufanyi kwa kuigiza. Lakini kila anapotaka kupanda juu avute pumzi moja ya kukataa, neno moja la "sitaki", sifa zinambana mabega. Watu wanaomzunguka hawamtakii mabaya. Aliyetega jarife naye alikuwa akitafuta papa. Ndiyo maana sikumcheka kamwe yule mfalme wa Bukini na brandi yake. Yeye ndiye aliyekuwa akimpandisha bibi juu, mara moja kwa mwaka, akapumua.

Mimi sina pepo, au kama ninaye hajataja jina. Ila maswali ya fundi nimeyachukua. Baada ya alfajiri, kabla sijaigusa simu, nabaki kwenye msala nikimngoja yeyote atakayekuja. Mara nyingi anayetangulia ni wivu. Namwuliza jina, naye huanza na jina la uongo: hujiita Haki. Nanyamaza kidogo, narudia. Namwuliza alikotoka, hunipeleka kwenye sinia moja la zamani, ambapo kichwa cha samaki changu alipewa mtu mwingine. Namwuliza anataka nini, na hapo nilizoea kuogopa, nikidhani atataka kiti cha enzi na fimbo. Kumbe wivu wangu hutaka niandike kurasa mbili kabla ya chai. Hasira ana mtu ambaye anataka nimpigie, na neno analotaka niseme ni moja, tena fupi. Woga hutaka kujua bei ya kitu kabla hakijanunuliwa, na kusema kweli ameniokolea fedha nyingi.

Uvivu ndiye niliyehangaika naye zaidi. Kwa miaka nilimtangulizia maneno makali kabla hajaketi, na mtu akisalimiwa kwa matusi hawezi kukutajia kwao. Nilipompa nafasi alisema ametoka kwa babu yangu upande wa mama, mtu aliyeweza kukaa chini ya mwembe kutwa nzima akitazama mashua zikiegeshwa, na ambaye hakuna aliyepata kumwita mvivu kwa sababu jioni alijua kila chombo kilichoingia, kimetoka wapi na kimebeba nini. Anachotaka ni kidogo mno. Tumekubaliana Ijumaa, tangu watu watoke msikitini hadi Magharibi, simu imezimwa, na mpaka sasa hakuna kati yetu aliyevunja mapatano.